Nta ya Elinami

1

Bibi Navoneiwa Mbwambo aliikataa dawa kwa sababu chupa ilikuwa na jina la mwanawe.

Si kwamba alikuwa hana akili. Akili anazo, tena za kugawia wengine. Alikuwa ameketi kwenye benchi la chumba changu cha kusomea wagonjwa majibu, kanga ya pili ameifunga kichwani, fimbo ameilaza mapajani, na chupa ameishika kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa yai viza. Kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa chupa nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, kama desturi ya kituo chetu inavyotaka: NTA YA ELINAMI.

"Hii ikiingia kifuani itamfanya nini huyo mdudu?" aliniuliza.

Nikamsogelea sikio la kulia, maana la kushoto lilikufa zamani, nikapaza sauti mpaka wagonjwa waliokuwa barazani wakanyamaza. "Itamvua koti, bibi! Akishakuwa uchi, mwili utamwona, utammaliza wenyewe! Siku tisa tu!"

"Na koti ni la nani?"

Alinitazama kwa yale macho yake madogo, makavu, nikajiona kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Ulisema mwenyewe, Nakijwa. Mwaka ule tulipomzika, ulinikalisha kwenye benchi hilihili. Ukaniambia mdudu huyu anakula mafuta ya mtu anamokaa, halafu kwa mafuta hayohayo anajishonea nta ya kuvaa. Ukasema nta niliyo nayo mimi ni ya Elinami, imelala, haina neno, niiache ilale. Ulisema, hukusema?"

"Nilisema, bibi."

"Kaburi lake liko wapi?"

Hilo alilijua kuliko mimi. Mvua za mwaka juzi zilishusha kipande kizima cha mlima wa Ndorwe, zikabeba migomba, zikabeba mashamba ya tangawizi, zikabeba na makaburi manne ya ukoo wa Mbwambo hadi bondeni. Watu walichimba wiki mbili wakapata msalaba mmoja, nao haukuwa wa Elinami.

"Basi," akasema. Akajigonga kifua polepole, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya jamaa. "Kilichobaki kwake kiko humu. Wewe unataka nikivutie dawa, nikimalize. Mama gani atafanya hivyo?"

Nikamwonyesha picha ya kifua chake ukutani. Kwenye ncha ya pafu la kulia palikuwa na duara jeupe, na upande mmoja wa duara ulikuwa umelika, umebaki unyuzi tu.

Watu wengi hudhani kifua kikuu ni mdudu anayetafuna mapafu kama funza anavyotafuna hindi. Laiti ingekuwa hivyo, kazi yangu ingekuwa rahisi. Mdudu mwenyewe ni mvivu. Anachofanya ni kuvaa. Ngozi yake ya nje ni mafuta matupu, nta juu ya nta, na kwa nta hiyo anawapita askari wa mwili huku wakimwona kama mgeni wa heshima. Wanamkaribisha ndani, wanammeza, kisha wanashindwa kumsaga. Nta inawalevya, wananenepa, wanajaa mafuta kama povu, wanakufa palepale walipo. Mwili ukiona maiti zinarundikana unajenga ukuta kuzizunguka. Sisi wa huku tunaelewa upesi, maana tuna ndiva: bwawa la ukoo, ukuta wa mawe na udongo, maji yametulia ndani. Mtu anaweza kuishi na ndiva kifuani miaka hamsini, akalima, akazaa, akaimba kwaya. Lakini nta ikizidi na kuanza kuvuja, mwili unaingiwa na hasira, unapiga bila kuchagua, unayeyusha nyama yake wenyewe. Ukuta ukipasuka kwenye njia ya hewa, kila unapokohoa unamwagilia waliomo chumbani.

Na katika chumba cha Bibi Navoneiwa, kitanda kimoja naye, alikuwa akilala mjukuu wake Nanzia, mwenye miaka kumi na miwili.

"Ukuta umebaki hivi!" nikapaza sauti, nikamwonyesha ukucha wangu. "Na Nanzia je?"

Hapo uso ulimtikisika. Akaweka chupa mezani, akaisogeza kwangu kwa ncha ya fimbo.

"Nitafutie dawa ya kumlaza tena," akasema. "Siyo ya kumwua."

2

Dawa ya kumlaza hakuna. Daktari Kiondo, mkuu wa kituo, alinikumbusha hivyo asubuhi ya Jumatano akiwa bado hajavua koti la mvua. Ni kijana mwadilifu, anayeamini kwamba kila jambo lina fomu yake.

"Hakuna anayelazimishwa kuvuliwa," akasema. "Lakini ukuta ukifika hapo, hawezi kukaa na mtoto. Ijumaa asipokubali, anapelekwa Nyumba ya Juu."

Nyumba ya Juu iko kwenye bega la mlima, juu ya mawingu. Ina madirisha mengi na bustani ya maua. Wanaokataa dawa hupelekwa huko, wanahudumiwa vizuri sana, nao hawashuki. Jamaa zao huja kuwaona kupitia kioo. Nimewahi kufanya kazi huko mwezi mmoja nikaomba kurudishwa, kwa sababu pale kila mtu anakohoa kwa adabu.

"Kwanza hakikisha nta," Daktari Kiondo akaongeza. "Ile chupa iliagizwa kwa usomaji wa mashine ya zamani. Dawa isipokatwa kwa mshono sahihi wa nta yake, hata akiivuta haimvui mdudu chochote."

Nikaenda ghala.

Ghala la Pumzi ni chumba kirefu nyuma ya maabara, chenye baridi na rafu mpaka darini. Kila aliyewahi kupimwa Ndorwe, yuko mle. Mgonjwa anapumulia kipande cha kioo, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, kwa robo saa; nta inanata; wakati huohuo kifaa cha kifuani kinarekodi kikohozi chake. Kioo na kikohozi vinafungwa kwenye bahasha moja. Zaidi ya nusu ya wenye bahasha wamekufa. Mimi si mtu wa mizimu, ni Mlutheri niliyebatizwa mara moja na ikatosha, lakini nikiingia mle huwa nabisha hodi, na nikitoka naaga. Siku hiyo nilibisha mara mbili kabla ya kuvuta bahasha ya Elinami.

Elinami nilisoma naye. Alikuwa mtu wa masihara, mrefu, aliyekwenda migodini bondeni akarudi na mke, Mwajabu, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Mlima mzima ukanuna. Alipoanza kutema damu alikuja kwangu, siyo kwa daktari, akaniuliza swali moja.

"Nakijwa, dada yangu, nimeipata kwa nani?"

Mashine ya wakati ule ilijua kufananisha tu. Ingeweza kusema nta hii na ile ni ndugu. Haikujua nani mzazi na nani mtoto. Jibu sahihi lilikuwa "sijui." Lakini nilikuwa nimechoka, barazani kulikuwa na watu arobaini, nikamjibu kama watu wanavyojibu huku kwetu: "Mara nyingi ni yule unayelala naye."

Kioo cha Mwajabu kilikuwa mezani, bado hakijasomwa.

Elinami alilibeba neno langu mpaka nyumbani, akampa mama yake, akafa nalo. Baada ya arobaini Bibi Navoneiwa alimhamishia Mwajabu kwenye kibanda cha kukaushia tangawizi, akamchukua mtoto. Kioo cha mama mkwe kilipotoka na nta ndugu ya Elinami, nikaandika kwenye faili, bila hata kukaa chini: imetoka kwa mwana. Kwani si mwana ndiye aliyetangulia kuumwa? Kile cha Mwajabu kilitoka kitupu. Nikasema labda amepona mwenyewe, hutokea. Nikafunga droo.

Mashine mpya imekuja mwezi wa pili uliopita. Hii inaona mshono chini ya mshono. Mdudu akihamia kwa mtu mwingine anaanza kushona kwa mafuta ya mwenyeji mpya, ila mkono wa kwanza haumtoki, kama Mpare aliyekaa Dar es Salaam miaka thelathini: atasema Kiswahili cha pwani, lakini akikasirika utamjua.

Nikaweka kioo cha Elinami. Chini, mshono wa mtu mwingine. Juu yake, mshono wa Elinami.

Nikaweka kioo cha Bibi Navoneiwa, nilichokichukua Jumanne. Mshono mmoja tu, mzee, mzito, umejirudia juu yake wenyewe miaka na miaka. Ulikuwa ndio uleule wa chini ya Elinami. Ndani ya kifua cha mama hapakuwa na chembe ya mwanawe. Hapajawahi kuwa.

Kioo cha Mwajabu nilikisoma mara tatu. Kisafi. Mwanamke yule hajawahi kuvaliwa nta na mdudu yeyote, siku zote za maisha yake.

Nilikaa sakafuni, katikati ya rafu. Ndipo nikakumbuka sikio. Kila mtu Ndorwe anajua kwamba Bibi Navoneiwa alizibwa masikio na sindano alizochomwa misheni akiwa msichana, kila siku, miezi miwili, matakoni. Wazee wanaisimulia kama kichekesho, jinsi alivyokuwa akiketi upande kanisani. Nami, msomaji wa nta, niliyesoma kwamba zamani sindano za kifua kikuu ndizo zilizoua masikio ya watu, nililipigia kelele sikio lililobaki miaka kumi na mmoja bila kujiuliza lile jingine liliuawa na nini.

3

Sheria yetu inaitwa Kusomewa. Ililetwa baada ya watu kudanganywa sana, wengine wakazikwa bila kujua walichokufa nacho. Mgonjwa anasomewa majibu yake yote, kwa sauti, mbele ya shahidi anayeishi naye uani. Halafu shahidi anayarudia kwa kinywa chake, ili ijulikane yamefika. Msomaji anatia saini kwamba yamerudiwa kama yalivyo. Kabla ya hapo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuambiwa.

Mtu mzima pekee wa kuwa shahidi uani kwa Bibi Navoneiwa ni Mwajabu.

Alhamisi nilipanda kwenda kwao kuwaita. Ningeweza kutuma ujumbe, lakini nadhani nilitaka nizuiwe na kitu njiani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Nilimkuta Mwajabu mbele ya kibanda chake anageuza tangawizi kwenye turubai, mwanamke mwembamba, mkimya, mikono imekuwa ya njano kwa kazi hiyo. Kibanda kilitazamana na dirisha la chumba cha Bibi. Aliliweka pale jiko lake makusudi, ili akichochea moto aone kichwa cha binti yake.

"Anakohoa tofauti," akaniambia baada ya salamu. "Zamani kilikuwa kikavu. Sasa kina maji."

"Tangu lini?"

"Jumapili. Namsikia ukutani." Akaendelea kugeuza. "Daktari, nikuulize. Wanasema mnaweza kujua siku hizi nani alimpa nani."

Mimi si daktari. Mlimani kila mwenye koti jeupe ni daktari, hata anayefagia. Lakini sikumsahihisha, nilikuwa natafuta pumzi.

"Kesho mtasomewa," nikasema. "Ungependa kusafishwa jina?"

Akacheka kidogo, kicheko cha pua. "Jina? Jina langu huku ni 'yule.' Yule kaja, yule kapita. Nimezoea. Sitaki jina, dada yangu. Nataka mwanangu asilale mle. Nimemwomba mama mara tatu wiki hii, anasema ninataka kumnyang'anya Elinami mara ya pili."

Nikamtazama, nikaona aibu mpaka miguuni. Neno langu moja, la mtu mwenye haraka, lilikuwa limemkalisha mwanamke huyu nje ya dirisha la mtoto wake miaka kumi na mmoja. Nikisoma kilichomo kwenye mashine, Mwajabu anarudishiwa haki yake yote mchana kweupe. Na Bibi Navoneiwa anajua kwamba alimpumulia mwanawe kifo, pengine akiwa amembeba mgongoni, pengine akimwimbia. Mama anayemtunza mwana kifuani atagundua kwamba anatunza kilichomwua, na kwamba kilikuwa chake. Je, mtu wa miaka sabini na minne akishasikia hilo, atanyoosha mkono kupokea dawa? Au atapanda mwenyewe Nyumba ya Juu, aketi bustanini angoje?

Na nikiusoma uongo, Mwajabu atabaki "yule" mpaka siku ya kuzikwa, kwa saini yangu, mara ya pili.

Niliteremka. Njia nzima nilisikia mtu anakohoa nyuma yangu ndani ya ukungu, vikohozi vitatu vifupi na kimoja kirefu cha kuvuta. Nilikijua kikohozi kile. Sikugeuka.

4

Ijumaa saa nne wakaja, Mwajabu mbele na mama mkwe nyuma, hawasemezani. Daktari Kiondo alifungua mlango, akaona nyuso zetu, akasema ana kazi wodini. Chupa mpya ilikuwa imeshuka asubuhi na kindege cha dawa, imekatwa kwa mshono sahihi, ubavuni ina karatasi nyeupe isiyoandikwa. Jina huandikwa baada ya kusomewa.

Walikaa kwenye benchi, katikati yao nafasi ya mtu mzima. Labda waliiachia makusudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Soma, nikarudi. Nimeacha makande motoni."

Nilikuwa nimejiandaa kusoma uongo. Nakiri. Niliamka nao, nikaunywea chai, nikaja nao kazini. Lakini nilipofungua faili nikaona mwandiko wangu wa zamani, imetoka kwa mwana, wino umepauka. Uongo wa kwanza sikuusema kwa ubaya, niliusema kwa uvivu. Huu wa pili ningeusema nikiwa macho. Nikasoma kilichomo. Sikupaza sauti. Kwa sheria, msomaji husoma kwa sauti ya kawaida. Kumfikishia mgonjwa ni kazi ya shahidi.

"Nta iliyo kwa Navoneiwa Mbwambo imeshonwa na mwili wake mwenyewe, tangu ujana. Nta ya Elinami Mbwambo ilitokana na hiyo. Ugonjwa ulitoka kwa mama, ukaenda kwa mwana. Kwa Mwajabu Issa haikuonekana nta yoyote, wakati wowote."

Bibi alikuwa ananitazama mdomo, ameinamisha kichwa upande wa sikio zima. Hakushika kitu. Akamgeukia mkwewe.

"Anasemaje?"

Mwajabu hakuwa kwenye benchi lile tena, ingawa alikuwa ameketi palepale. Alitazama mikono yake ya njano. Niliona jinsi maneno yalivyokuwa yanamshukia moja moja: haikuonekana, wakati wowote. Midomo ikamcheza. Alikuwa na sentensi moja kinywani, ya kweli, ya kisheria, iliyolipiwa machozi ya miaka kumi na mmoja. Alichotakiwa ni kuitamka tu kwa sauti kubwa. Dirisha lilikuwa wazi na baraza ilikuwa imejaa watu. Mlima wote ungejua kabla ya saa sita.

Akasogea, akaijaza ile nafasi ya katikati. Akaweka mdomo kwenye sikio la mama mkwe, akasema kwa sauti iliyofika mpaka getini:

"Wanasema nta ya Elinami imekwisha, mama! Imekwisha zamani! Iliyobaki kifuani kwako ni yangu mimi!"

Nje mtu aliguna. Mwingine akasema, "Si tulisema!"

Bibi Navoneiwa alimgeukia mzima mzima.

"Yako?"

"Yangu, mama."

"Ndiyo iliyomwua mwanangu, na sasa inataka mjukuu wangu?"

Mwajabu akafumba macho. "Ndiyo."

Bibi akanyoosha mkono kwangu, kiganja juu. "Lete dawa," akasema. "Hiyo nitaivuta hata mara mbili kwa siku."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Ilinipasa kusema, "Hapana, shahidi hakurudia kama yalivyo." Ndiyo kazi yangu, ndiyo maana sheria ikawekwa. Nikamtazama Mwajabu. Alinitikisia kichwa kidogo tu, siyo kuniomba, bali kama anavyofanya mtu aliyekwisha kujitwika mzigo na anataka apishwe njia.

Nikatia saini. Kwenye chupa nikaandika: NTA YA MWAJABU. Nina miaka hamsini na mmoja na sijawahi kuandika herufi nzito kama zile.

5

Siku nane Bibi alikuja na kuvuta dawa kwa bidii ya mtu anayepigana. Kila akimaliza alitazama jina kwenye chupa, akasonya. Mwajabu alimleta na kumrudisha, lakini Bibi hakumruhusu kuingia. Alingoja nje kwenye ukungu, chini ya ukingo wa bati. Picha za kifua zilikuwa nzuri ajabu. Ukuta ulishika. Nta ilitoka nje kwenye makohozi, vipande vyeupe kama vya mshumaa, na wadudu waliobaki uchi waliisha haraka. Daktari Kiondo alinipongeza. Nilitamani anitukane.

Siku ya tisa, baada ya pumzi ya mwisho, Bibi hakuinuka.

"Nakijwa, mwanangu. Sasa Elinami hayumo humu hata kidogo?"

"Hayumo, bibi."

"Basi nipe hata sauti yake. Nasikia mnazo."

Ningeweza kukataa. Sikuwa na nguvu ya kumkatalia mtu yeyote kitu chochote wiki hiyo. Nikaenda ghala, nikabisha hodi, nikarudi na bahasha. Nikaiweka rekodi kwenye kisanduku cha sauti, nikaifungulia mpaka mwisho. Bibi akatega sikio, akatikisa kichwa: hasikii. Akakivuta kisanduku mapajani, akakilaza kiganja juu yake.

Kikohozi kikamwingia kwa mkono. Vitatu vifupi. Kimoja kirefu cha kuvuta.

"Tena," akasema.

Nikarudia. Akauweka mkono wa pili kwenye kifua chake mwenyewe, kisha akauondoa polepole, kana kwamba kifua kimemchoma.

"Huyu siye," akasema. "Huyu ni mimi. Ni mimi wakati ule, kabla ya misheni. Mama yangu alikuwa akinishika mgongoni hivi, anahesabu. Vitatu, halafu kile kirefu, halafu analia." Akainua uso. "Nakijwa. Zile sindano zilizoniua masikio zilikuwa za nini? Hakuna aliyewahi kuniambia. Walimwambia mama, mama akasema ni homa."

Hakukuwa na shahidi chumbani. Kwa sheria sikuruhusiwa kujibu. Niliinamisha kichwa tu, na kwa mtu aliyeishi miaka sitini kwa kutazama nyuso za watu, hilo lilitosha.

Hakulia. Kiganja kilikaa juu ya kisanduku kilichokwisha nyamaza. Nje tulisikia mtu anakung'uta matope viatuni, anahamisha mguu, anangoja. Bibi akaichukua ile chupa tupu, akaanza kuichuna karatasi kwa ukucha, kipande baada ya kipande, mpaka jina likaisha lote na vipande vikajaa kwenye kanga yake.

"Alijua?" akauliza. "Aliponipigia kelele sikioni, alikuwa anajua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mwite mke wa mwanangu aingie. Analowa pale."

Mwajabu aliingia amejikunyata, maji yanamtiririka kwenye mtandio, akasimama mlangoni kama alivyozoea. Bibi akasogea kwenye benchi. Akapiga kiganja nafasi iliyokuwa kando yake.

"Kaa upande huu, ndiko kunakosikia," akasema. "Kisha unirudie tena yale ya siku ile. Taratibu. Na safari hii, mwanangu, usinihurumie."

Mwajabu alinitazama. Nikafungua dirisha ili wa barazani wasikie, nikachukua kalamu. Akakaa, akasogeza mdomo kwenye lile sikio, na Bibi Navoneiwa akaushika mkono wake wa njano kwa mikono yake yote miwili kabla hajasikia neno la kwanza.